Nukta ya Mtu Mmoja

Urve Hallik aliiona nukta ile Jumamosi asubuhi, na kahawa yote ikaishia juu ya kitambaa cha meza alichofuma marehemu mama yake. Hakuifuta. Alisogeza uso kwenye kompyuta mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Ramani ilikuwa ya serikali. Barua ilikuwa imemfikia kila mkazi wa Kurelombi siku iliyotangulia: fungueni, mtazame, mtoe maoni. Alhamisi ofisa angekuja ukumbini kuwasikiliza, na Jumatatu inayofuata ramani ingefunguliwa kwa nchi nzima. Serikali ilikuwa imechukua nyendo za simu za watu za miaka miwili, ikaondoa majina na namba, ikazichanganya na kuzichuja, na kilichobaki kikawa nukta nyekundu juu ya misitu. Penye nukta nyingi pangejengwa njia, vibao na maegesho ya magari. Urve aliposikia habari hiyo redioni aliisifu. Alisema hatimaye kodi yake inafanya kazi.

Lakini upande wa kaskazini, nyuma ya kinamasi, mahali pasipo na njia wala kibao, palikuwa na nukta moja imekaa peke yake. Aliibofya. Kijidirisha kikafunguka: *Ziara 41. Watu 1. Siku: Jumanne na Jumamosi. Saa 11:40 alfajiri.*

"Mungu wangu," alisema Urve jikoni, peke yake. "Ni mimi."

Pale nyuma ya kinamasi, chini ya misonobari, uliota uyoga wa manjano, ule unaong'aa kwenye ukoka kama vifungo vya shaba vilivyomwagika. Bibi yake alimwonyesha mama yake. Mama yake alimchorea Urve mahali hapo nyuma ya mfuko wa mkate, hospitalini, siku tatu kabla ya kufa, na kwanza alimwamuru muuguzi atoke nje. Kurelombi watu huambiana mishahara, maradhi na talaka, lakini mahali pa uyoga hapatajwi. Dada hamwambii dada. Ukiulizwa umetoa wapi, jibu ni moja tu, "Msituni," na anayeuliza anajua kwamba hatajibiwa zaidi ya hapo.

Urve alikuwa na miaka arobaini na sita, alipanga mbao kwa madaraja ya ubora katika kiwanda cha kijijini, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alimpigia binti yake Heleri, anayefanya kazi mjini Tartu.

"Mama, pumua kwanza."

"Napumua. Wewe ndiye uliyeniambia nitembee na simu msituni!"

"Ili ukivunjika mguu tukupate."

"Haya, wamenipata. Nchi nzima itanipata Jumatatu ijayo."

"Lakini hapo hakuna jina lako."

"Jina la nini? Nani mwingine anaamka saa kumi alfajiri siku ya Jumanne kwenda kukanyaga matope? Mchungaji?"

Heleri akacheka, kisha akajirudi. "Fungua ile orodha yako basi. Angalia nani kachungulia taarifa zako."

Urve alikuwa ameshaifungua. Kila Jumapili aliingia kwenye tovuti ya serikali kusoma orodha ile kama wengine wanavyosoma utabiri wa hali ya hewa: ofisa gani kafungua faili lako, siku gani, saa ngapi. Mwaka juzi alimpigia karani mmoja na kumuuliza kwa nini alifungua anwani yake mara mbili. Karani aliomba radhi, akasema kidole kiliteleza. Urve akamwambia akakikate kucha.

"Iko safi," alisema sasa. "Hakuna aliyenichungulia."

"Si unaona?"

"Naona nini? Hawakumchungulia Urve. Wamemchungulia kila mtu kwa mpigo. Na ukichunguliwa na kila mtu, mwanangu, orodha haiandiki kitu."

Akaandika barua pepe papo hapo, kwa herufi kubwa pale alipoona panahitaji herufi kubwa. Kisha akatoka nje kupunga hewa, na huko akakutana na Ülo.

Ülo Pihlap, jirani yake, alikuwa dereva wa basi mstaafu mwenye miaka sabini na moja, aliyefiwa na mkewe Vaike miaka mitano iliyopita, na adui yake mpendwa wakati wa uyoga. Kila Jumamosi ya msimu, mchana, alipanga juu ya ukuta wa mawe uyoga mnene wa kahawia, ule wa bei mbaya, na kuusogezasogeza ili wapita njia wauone. Tayari alikuwa ameshapanga.

"We Urve! Mbona uso umeumuka kama unga wa mkate? Umerudi na kikapu kitupu?"

"Changu kimejaa. Mwingine nimewaachia konokono, nawaonea huruma."

"Mimi leo baiskeli imeinua gurudumu la mbele kwa uzito. Nimeendesha kwa gurudumu moja kama sarakasi!"

"Umetoa wapi?"

"Msituni," alisema Ülo, na akatabasamu kwa meno yote aliyobaki nayo.

Hapo ndipo shetani alipomnong'oneza Urve. Ülo alikuwa na simu. Mwanawe alimnunulia. Na Ülo hakuwa na kompyuta, kwa hiyo hajaiona ramani. Urve alirudi ndani, akakaa, akainuka, akaosha vikombe vilivyokuwa safi, akakaa tena. Akaburuta ramani kuelekea kusini. Haikuchukua dakika mbili. Kando ya barabara ya zamani ya makaburini, isiyotumika tena, palikuwa na nukta moja. *Ziara 97. Watu 1. Siku: Jumapili. Saa 12:00 asubuhi.* Na ni nani Kurelombi asiyejua kwamba Ülo hutoka na baiskeli kila Jumapili kabla kengele ya kanisa haijalia?

Miaka ishirini Urve alikuwa akikitaka kichaka kile. Moyo ulimdunda kama wa msichana.

Jumapili alisubiri mpaka Ülo arudi, kisha akaingia kwenye gari. Alilificha nyuma ya magogo, akatembea akiwa ameinama, kisu mfukoni na kikapu chini ya koti, akicheka peke yake kwa aibu na furaha. Akafika.

Uyoga haukuwapo. Ardhi ilikuwa kavu, mchanga mtupu, mahali ambapo hata uyoga wa sumu usingejisumbua kuota. Palikuwa na msonobari mkubwa, na kwenye shina lake msalaba uliochongwa kwa kisu, kama familia za huko zinavyochonga njiani wanapompeleka maiti wao makaburini. Utomvu ulikuwa umefutwa vizuri. Chini ya msalaba: V.P. Vaike Pihlap. Mbele ya mti palikuwa na makreti mawili ya maziwa yaliyopinduliwa yakatazamana, na juu ya msumari vikombe viwili vya kahawa vinaning'inia. Vyote viwili vilikuwa vimetumika asubuhi ile. Ndani vilikuwa bado na unyevu.

Urve alirudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu aliyeingia chumbani mwa watu bila kubisha hodi.

Ndani ya gari ndipo jambo la pili lilipomjia akilini. Uyoga wa Ülo huonekana ukutani Jumamosi mchana. Jumamosi ni siku ya soko mjini Põlva. Miaka mitano yote hiyo, tangu Vaike afariki! Aliyejua mahali alikuwa Vaike, na alikufa ghafla, bila kumchorea mtu mfuko wa mkate. Mzee alikuwa akiringia uyoga wa sokoni ili asionekane amebaki bila kitu.

Wakati mwingine wowote Urve angecheka mpaka mbavu zimuume. Safari hii aliwasha gari akiwa amekunja uso. Kwa kubofya mara moja alikuwa amechukua siri mbili za mtu, na hakuweza kuzirudisha.

Jumatatu lilikuja jibu la barua yake, mistari minne. Ramani haina taarifa za mtu binafsi, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Asante kwa ushirikiano.

Wiki ile Kurelombi ilijaa adabu za kutisha. Dukani watu walipishana kwenye foleni. "Tangulia wewe." "Hapana, wewe." Hakuna aliyeitaja ramani hata kwa bahati mbaya, na hapo ndipo Urve alipojua kwamba wote wameiona, na kila mmoja ameikuta nukta yake. Lakini ungelalamikaje? Anayelalamika anatangaza kwamba ana mahali, na mahali penyewe pako pale kwenye kioo, pananawiri. Kila mtu alimsubiri mwenzake awe mjinga wa kwanza.

Alhamisi ukumbi ulifurika. Mikutano ya serikali huvuta watu tisa, na wawili kati yao huja kwa ajili ya keki. Safari hii walifika sitini, wengine wamesimama ukutani. Ofisa aliitwa Siim Raudvere, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, na mwenyewe alifurahi kwa dhati kuona umati ule.

"Sijawahi kuona mwitikio kama huu!" alisema.

Ukumbi ukamtazama kimya kama ng'ombe wanavyotazama treni.

Alieleza. Alionyesha. Ramani ilitanda ukutani, kubwa kama shuka ya kitanda. Akauliza kama kuna pingamizi. Mtu mmoja alikohoa, wote wakageuka kumtazama, akaacha kukohoa.

Urve akanyoosha mkono. "Nukta inahitaji watu wangapi ndipo ionekane?"

"Hata mmoja inatosha, mama. Lakini hakuna jina."

"Mmoja ni mmoja. Mmoja anajulikana."

"Kwa heshima zote, anajulikanaje? Nipe mfano hata mmoja." Aliuliza kwa upole, hakuwa akimdhihaki. "Tazameni, tujaribu pamoja. Tuchague yoyote." Mshale ukatembea juu ya ukuta, ukashuka kusini, ukasimama. "Hii hapa. Ziara tisini na saba! Mtu mmoja anapapenda sana mahali hapa. Lazima pana kitu cha kuvutia. Sisi tungeweza kufikiria benchi, kibao cha watalii..."

Urve aligeuza shingo. Ülo, safu ya tatu, alikuwa anaiona ramani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kofia ilikuwa mikononi, na mikono ilikuwa inaikamua kama kitambaa cha kudekia.

"Jumapili saa kumi na mbili?" alinong'ona Helju wa dukani, ambaye minong'ono yake husikika mpaka barabarani. "Barabara ya makaburini? Ngojeni, si ndiyo saa ambayo..."

Vichwa vilianza kugeuka. Kimoja. Viwili.

"Acha hiyo!" Urve alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Bofya ile ya kaskazini!"

"Ipi, mama?"

"Ile nyuma ya kinamasi. Ile iliyo peke yake. Bofya, mwanangu, umetaka mfano!"

Vichwa vyote vikamrudia yeye. Mshale ukapanda. Kijidirisha kikafunguka, herufi kubwa kama mikate. Urve alikiona kichaka cha bibi yake kimeanikwa mbele ya macho ya watu sitini. Basi. Akavuta pumzi.

"Nawategea kitendawili," alisema. "Soma siku, Siim."

"Jumanne na Jumamosi. Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri."

"Nani hapa ana mapumziko Jumanne?"

"Zamu ya pili ya kiwanda cha mbao!" mtu aliropoka kutoka nyuma.

"Wako wanane. Mwaka jana, Septemba, kuna ziara?"

Siim akabofya. "Hapana. Mwezi mzima hakuna."

"Nani wa zamu ya pili alivunjika kidole cha mguu Septemba?"

Sekunde moja ilipita. Kisha ukumbi wote ukalipuka kwa sauti moja: "URVE!"

"Mmenipata," alisema Urve. "Imechukua nusu dakika, na hamkuona hata jina. Na sasa wewe kijana, sikiliza. Jumatatu mtu yeyote nchini, awe mwema awe mwovu, atajua kwamba Jumanne alfajiri kuna mwanamke peke yake nyuma ya kile kinamasi. Na nyumba yake haina mtu. Hatahitaji kunifuata. Ninyi mmenifuata kwa niaba yake, miaka miwili, na mnampa bure."

Siim aligeuka akaisoma tena ramani. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Alikuwa mtu mwaminifu. Ilionekana kwamba jambo hili halikuwahi kumjia akilini, na kwamba lilikuwa linamjia sasa hivi, lote kwa pamoja.

Na hapo kizuizi kikapasuka. "Na yangu!" alipiga kelele fundi wa matrekta. "Ile ya kwenye mto, nayo itoe!" "Na ya mama mkwe wangu!" "Mimi sisemi ipi ni yangu, lakini itoe!" Watu walisimama juu ya viti. Helju alikuwa anapigapiga meza kwa sahani ya keki. Siim akainua mikono, akatoa simu, akampigia bosi wake pale pale mbele ya watu, na ukumbi ukanyamaza ili usikose hata neno.

"Ndiyo, mama mkurugenzi. Wamemtambua mtu... Nusu dakika... Hapana, si kwa jina, kwa kidole cha mguu... Wako sitini... Hapana, bado hawajanipiga."

"Mwambie bado!" alisema fundi wa matrekta.

"Naomba nukta zote zenye chini ya watu ishirini zifutwe kabla ya Jumatatu. Mimi nitaandika sababu. Ndiyo, nitaweka sahihi yangu." Akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akainama kwenye kompyuta, akaandika namba, akabonyeza.

Ukutani nukta zikaanza kuzimika. Ya mtoni. Ya bondeni. Ya barabara ya makaburini. Ya nyuma ya kinamasi. Zikabaki tano tu, za ufukwe wa ziwa na mnara wa kutazamia, ambako watu huenda makundi kwa makundi na hakuna anayejali. Kelele zilizopigwa ukumbini zilimwamsha mbwa wa Urve, nyumba ya nne kutoka pale. Siim alikabidhiwa keki mbili na mtungi wa matango ya chumvi, na akafuta jasho kwa kitambaa cha meza.

Lakini Urve alitembea kwenda nyumbani akijua hesabu yake. Watu sitini walikuwa wamesikia, watu sitini walikuwa wameona. Serikali imesahau, Kurelombi haisahau.

Jumamosi alfajiri aliendesha gari kwa kasi ambayo angemgombeza Heleri kwayo. Alijiambia ataukuta ukoka umekanyagwa, kumebaki vikonyo. Kwenye daraja la mbao, kabla ya kinamasi, kulikuwa na mtu amesimama katikati ya njia. Amevaa kizibao cha manjano cha madereva wa basi, na mkononi ana chupa ya kahawa.

"Daraja bovu," alisema Ülo. "Halipitiki. Ah, ni wewe."

"Tangu lini bovu?"

"Tangu saa tisa. Nimegeuza magari matatu. Wawili wa kijiji cha pili, sijui nani kawaambia. Wa tatu mchungaji."

"Mchungaji!"

"Na mkewe, na vikapu viwili. Nikamwambia ubao umeoza. Akanitazama, nikamtazama. Akasema atatuombea."

Urve alicheka mpaka akashika usukani. Kisha akauliza, "Na wewe umefika kule?"

"Mimi? Mahali pako sipajui."

"Ulikuwa ukumbini."

"Sikuvaa miwani." Ülo alikazia macho kifuniko cha chupa yake. "Kulikuwa na nukta nyingine, kule kusini. Yule kijana aliibofya kabla ya yako."

"Mimi nami sikuvaa miwani," alisema Urve.

Ülo akafungua chupa, akamimina. Alikunywa kahawa, akakung'uta kikombe, akakitia mfukoni taratibu sana. Urve akamtazama mzee yule na kizibao chake, aliyesimama darajani tangu saa tisa, akafikiria mama yake na mfuko wa mkate. Mama angemrukia kooni kwa kumpeleka mtu kule. Au pengine asingemrukia.

"Panda," alisema. "Simu yako iko wapi?"

"Hapa."

"Iweke juu ya kiti. Na yangu hii."

"Ukivunjika mguu?"

"Utanibeba. Wewe mwenye kuinua baiskeli kwa gurudumu moja."

Waliziacha simu zote mbili ndani ya gari, wakavuka matope. Ukoka ulikuwa mzima, na uyoga ulikuwa umejaa, wa manjano, mbichi, umelowa umande. Ülo alipiga magoti kwa shida, na Urve aliona kwamba hajui hata kushika kisu. Akamwonyesha: chini kabisa, usivute, mdogo uache. Mzee alikata wa kwanza, akaunusa, akakaa nao mkononi kwa muda.

Mchana ukuta wa mawe ulikuwa wa manjano kutoka mwisho hadi mwisho. Jikoni kwa Urve viazi vilikuwa vinachemka, majani ya shibiti yamekatwakatwa, malai ya maziwa tayari. Helju alipita akielekea bafu la mvuke, taulo begani, akasimama ghafla.

"Jamani, Ülo! Leo umebadilisha rangi? Umetoa wapi?"

"Msituni!" alisema Ülo kwa sauti iliyofika mpaka kanisani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano alikuwa anasema kweli.